Niliiweka eSIM ya mjukuu wangu mezani iombewe, akafika Dominica bila data

Wakuu, salaam kwenu nyote. Anayeandika ni bibi wa miaka sabini na nne, kwetu Kigoma, sasa nakaa Brussels kwa binti yangu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika kwa kidole kimoja, mtanivumilia. Ninayoyasema yalitokea, na yale mabaya ya upande wangu sitayaruka.

Nianze na watu waliokuwepo sebuleni kwetu Etterbeek ile Alhamisi jioni, maana bila kuwajua hamtanielewa.

Alikuwepo binti yangu Skolastika, tunamwita Skola, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mume wake Bosco, mtu wa Bukoba, fundi wa lifti. Mtoto wao Nuru, miaka ishirini, anasoma mambo ya wanyama chuo kikuu. Yeye ndiye aliyekuwa anasafiri.

Halafu jirani yetu wa ghorofa ya chini, Maman Béatrice wa Lubumbashi, Kongo. Papa Donatien wa Likasi, kiongozi wa jumuiya yetu ya sala. Sista Godelieve, Mbelgiji aliyefundisha Katanga miaka mingi, ambaye Kiswahili chake kinaninyoosha hata mimi. Na Papa Crispin wa Kolwezi, dereva wa basi, aliyefika amechelewa akiwa bado na sare ya kazi.

Na mimi, Leokadia. Jumla watu wanane.

Naomba niseme kitu hapo. Mtu asiyezoea kuandika anaweka watu kichwani. Tangu utoto mimi naweka jina, alikaa wapi, alishika nini. Nikisahau jina la mtu najiona nimempoteza yeye mwenyewe.

Haya.

Nuru ana kisukari tangu ana miaka tisa. Ile ya sindano. Mkononi amebandika kidude kinachopima sukari saa zote, kinapeleka namba kwenye simu yake, na simu yake inaileta kwenye yangu kwa data. Ikishuka chini ya sabini, simu yangu inalia.

Sasa shida ya Nuru ni usingizi. Analala kama marehemu babu yake. Simu yake inaweza kulia nusu saa pembeni ya sikio na asigeuke. Nyumbani ikilia naenda kumtikisa, namnywesha juisi, anarudi kulala.

Chuo wakampeleka Dominica, kisiwa kile cha Karibi, akahesabu kasa wanaotaga mayai ufukweni. Miezi miwili. (Bosco aliangalia mara tatu kwamba tunanunua laini ya simu ya Dominica na si ya ile nchi nyingine yenye jina la kufanana.) Daktari alikubali kwa sharti moja tu, kwamba usiku awepo mtu macho anayeangalia namba.

Huko wako nyuma yetu kwa saa sita. Usiku wao wa manane kwetu ni asubuhi, na asubuhi Skola na Bosco wako kazini.

Nani yuko nyumbani? Mimi.

Wakuu, tangu nifike mji huu nimekuwa mtu wa kubebwa. Barua nasomewa, tramu napandishwa, dukani naonyesha kwa kidole. Hii zamu ya kulinda usingizi wa Nuru ilikuwa kazi yangu ya kwanza Ulaya. Nilijisikia mtu.

Kwa hiyo data ilikuwa ndio kila kitu. Bosco akaenda mtaa wa Saint-Josse kwenye duka la simu la bwana mmoja anaitwa Imran, akanunua eSIM. Kwa wazee wenzangu, eSIM ni laini isiyo na kadi. Unapewa karatasi yenye mraba wa vidoti vyeusi, ile QR code, unaielekezea simu, laini inaingia yenyewe.

Imran alimwambia siku zinaanza kuhesabiwa laini ikishaingia kwenye simu. Basi Nuru akaamua ataiskani akifika, kwa Wi-Fi ya uwanja wa ndege. Karatasi ikatiwa kwenye begi.

Sasa jumuiya yetu ina utaratibu wake. Mtu akisafiri tunakutana kwake, vitu vya safari vinawekwa mezani, vinaombewa. Alhamisi ile Nuru aliweka pasipoti, tiketi na dawa zake. Mimi nikaona karatasi ya laini haipo. Nikajiuliza, kitu kinachobeba uhai wa mtoto ndicho kiachwe nje ya sala?

Nikaitoa kwenye begi. Nuru peke yake ndiye aliyeniona. Akasema, "Bibi, hiyo iache tu kwenye begi." Nikamwambia haina neno, nikaiweka katikati ya meza. Sala ilipokwisha nikairudisha.

Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeichana. Niliirudisha nzima.

Jumamosi alfajiri tulimsindikiza Gare du Midi, akapanda treni ya Paris, huko akapanda ndege. Jioni akatuma ujumbe yuko Guadeloupe, kisiwa cha Wafaransa jirani na Dominica, na kwamba pale laini ya Ubelgiji inafanya kazi kama nyumbani. Akasema anaizima sasa maana anapanda kindege cha Dominica. Bosco alikuwa amemkataza kabisa kuiacha wazi kule, kwa sababu ya bili.

Nikalala na amani.

Jumapili nikaamka saa kumi na mbili asubuhi. Kwake ilikuwa saa sita usiku, zamu yangu inaanza. Nikashika simu.

Pale panapokaa namba palikuwa na vistari viwili.

Hapo chini kulikuwa na sauti ya Nuru aliyotuma nikiwa usingizini. "Bibi, nimefika salama. Karatasi imekataa, simu inasema imeshatumika. Wi-Fi ya hapa inakatika na dereva ananiita. Usiogope, nitaweka alamu."

Alamu! Nuru na alamu.

Nikampigia. Haiiti. Nikapiga tena. Nikaanza kuhesabu mambo: amesafiri siku nzima, kula kwenyewe ni kudokoa, amebeba mabegi, saa ya sindano imevurugika. Siku za namna hiyo ndizo sukari yake inashuka kama jiwe kisimani. Usiku wa kwanza nilioahidi kumlinda, na mimi kipofu.

Nikamwamsha Bosco. Akapiga ofisi ya wale wa kasa, hakuna mtu, Jumapili. Akaingia kwenye chat ya kampuni ya laini, anaandika kwa hasira. Saa moja hivi wakamjibu. Akanisomea kwamba laini hii iliingizwa kwenye simu Alhamisi, saa moja na dakika arobaini jioni, na karatasi moja inatumika mara moja tu.

Bosco akasema, "Alhamisi? Alhamisi karatasi ilikuwa kwenye begi la Nuru. Huyu Imran ameuza karatasi moja kwa watu wawili."

Akamtumia Imran sauti ya maneno ambayo siyaandiki humu.

Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai. Alhamisi, saa moja na dakika arobaini. Ile ni saa ya sala. Karatasi haikuwa kwenye begi, ilikuwa katikati ya meza, niliiweka kwa mkono huu.

Nikanyamaza.

Wakuu, nimeahidi sitaruka. Nilinyamaza kwa sababu nilijua nikisema, kazi ile nitanyang'anywa. Watasema bibi haelewi vitu hivi, tumpe mtu mwingine. Nikajidanganya kwamba kampuni itarekebisha, na kwamba hata nikisema sijui ni nani aliyeichukua. Bosco akaendelea kubishana na chat. Mimi nikaendelea kutazama vistari viwili.

Saa mbili. Saa tatu. Kwake saa nane za usiku, saa tisa. Kila nikitazama dirishani naona watu wanatembeza mbwa, Etterbeek imetulia kama hakuna mtoto wa mtu yuko hatarini mahali.

Tukatoka kwenda kanisani Saint-Josse, maana Skola alikuwa zamu ya usiku na tulipanga kukutana naye hukohuko, na hatukutaka aambiwe kwa simu akiwa njiani. Bosco alikuwa na mpango wa kwenda dukani kwa Imran tukitoka.

Mlangoni mwa kanisa Papa Donatien hubandika karatasi. Siku hizi hatubebi vitabu vya nyimbo. Karatasi ina mraba wa vidoti, kila anayeingia anauelekezea simu, nyimbo za siku zinafunguka. Hata kwenye sala za nyumbani huja nayo.

Mbele yangu alikuwa Papa Crispin. Akasukuma miwani juu ya paji la uso, akanyoosha mkono na simu yake, kichwa akakirudisha nyuma kama mtu anayeogopa moshi.

Nikasimama palepale mlangoni.

Niliwahi kumwona hivyohivyo siku tatu nyuma. Aliingia amechelewa, akasimama upande wa mlango, tukiwa tumeshaanza wimbo. Karatasi ya nyimbo ya Papa Donatien wakati ule ilikuwa mkononi mwa Maman Béatrice, ameisogeza karibu na macho. Mezani palibaki karatasi moja tu yenye mraba. Yangu. Papa Crispin alisukuma miwani, akanyoosha mkono.

Nikaketi benchi la nyuma karibu na Sista Godelieve. Nikamwambia yote kwa mnong'ono, na ya kunyamaza pia. Hakunipa pole. Alinishika kiwiko akasema, "Leokadia, Skola yule anaingia. Mwambie sasa. Mungu ana muda, Nuru hana."

Nikatoka naye Skola nje. Nikamwambia.

Binti yangu hakupaza sauti. Aliniuliza kitu kimoja. "Mama, umejua tangu saa ngapi?"

Nikasema tangu saa moja.

Ilikuwa saa nne kasoro. Alitazama chini, akafunga macho, akafungua. Hiyo ndiyo adhabu yangu na ninayo hadi leo.

Bosco akaja, Papa Crispin akaitwa. Akatoa simu, na kweli ndani yake kuna laini ya pili imekaa. Maskini aligeuka rangi.

"Maman Léo, miye nilijua ni ya nyimbo," akasema. "Ikaniuliza continuer, niendelee, nikafinya. Ikaniuliza tena, nikafinya. Nyimbo hazikukuja, bon, nikasema simu yangu njo mubaya, nikaimba na Maman Béatrice."

Bosco akapiga picha ile laini, akaituma kwenye chat. Kampuni wakakubali watatuma karatasi mpya, kwa picha.

Skola akasema, "Hata wakituma, itamfikia kwa njia gani? Hana mtandao. Hebu nani yuko karibu naye?"

Bosco akasema majina yote na namba zote ziko kwenye simu ya Nuru.

Hapo ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe. Nikasema, "Mwenye nyumba alikofikia anaitwa Ma Eudora. Binti yake ni Glenda."

Miezi miwili kabla, Nuru aliongea na hao watu kwa video, nimekaa pembeni namenya viazi. Walinisalimia. Ma Eudora hana Wi-Fi kwake, siku ile alikuwa ameshuka kwa Glenda kazini. Glenda anafanya kazi kwenye nyumba ndogo ya wageni chini ya kilima, na Nuru alinitafsiria kwamba nyumba ile ina jina la babu yake Glenda, Hubert. Nililiweka kwa sababu nilikuwa na mjomba wa mume wangu akiitwa Hubert.

Bosco akaandika kwenye simu yake: Hubert, nyumba ya wageni, Dominica. Ikatoka. Na namba ya simu.

Kwao ilikuwa saa kumi na robo alfajiri. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikaita, halafu mtu mzima akapokea, sauti nzito ya usingizi. Mlinzi. Bosco akamwaga Kiingereza chote alichonacho. Yule mtu hakuuliza maswali mengi. Akatupa namba yake ya mkononi, akasema nyumba ya Ma Eudora anaifahamu, ni kupanda kilima, tumpe dakika ishirini.

Dakika ishirini, wakuu.

Ndani kwaya inaimba. Skola amekaa kwenye ngazi na nguo za kazini. Papa Crispin anazunguka ua. Maman Béatrice alitoka kututafuta, akaelezwa, akamgeukia. "Papa Crispin, na basi pia unaendesha vile, unafinya tu continuer?"

Hakuna aliyecheka. Hata yeye mwenyewe hakucheka, alisema tu kwa sababu kimya kilikuwa kinatuua.

Bosco akapiga. Kimya. Akapiga tena. Tukasikia mtu anahema, kuku wanalia, mlango unagongwa, na nyuma ya mlango ule, wakuu, tukasikia simu inalia. Ule mlio ninaufahamu. Ni uleule uliopaswa kulia kwangu.

Tulikuja kuelezwa kwamba Ma Eudora aliusikia mlio ule muda mrefu. Alidhani ni saa ya mgeni ya kumwamsha, akaona haya kuingia chumbani kwa mtoto wa watu.

Mlinzi akaingia na Ma Eudora. Nuru alikuwa ameloa jasho mpaka shuka, anaitwa jina haitiki. Wakamwinua, wakamnywesha juisi ya mapera kidogokidogo. Sisi huku tunasikia vikombe tu, na yule mlinzi anasema kitu kilekile polepole, tena na tena. Bosco akasema anamwambia kunywa mwanangu, kunywa.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Skola alikuwa ameshika mkono wangu, na sijui aliushika lini.

Halafu, "Mama?"

Skola akanisogeza kwenye simu. Nikajibu mimi. Nuru akasema, "Bibi, sukari ilikuwa hamsini na moja. Sasa sitini na nane, inapanda."

Nikamwambia palepale, sikungoja. Nikamwambia karatasi niliitoa mimi, akaiskani Papa Crispin, na tangu asubuhi nilijua nikanyamaza. Nikasema moyoni, basi, nimempoteza kwa njia nyingine.

Akauliza, "Kwa hiyo Papa Crispin ana intaneti ya Dominica?"

Papa Crispin akasema ndiyo, kwa unyenyekevu kama yuko mahakamani. Hapo Skola akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na sote tukafuata, mpaka Papa Donatien akatoka kutunyamazisha.

Asubuhi ya kwao Nuru alishuka kwa Glenda, akapata Wi-Fi, akaskani picha mpya. Saa kumi na moja jioni yetu nilikuwa jikoni. Vistari viwili vikatoweka. Ikaja mia moja na kumi na nane, na mshale umelala sawasawa, yaani haishuki. Niliketi chini sakafuni na simu mapajani.

Jumatatu nilijua nitaambiwa nipumzike. Skola alijiandaa kwenda kazini. Kabla hajatoka alichomeka simu yangu kwenye chaji, akaiweka karibu na chai yangu, akasema, "Mama, zamu yako."

Baadaye siku hiyo Bosco alikwenda Saint-Josse kumwomba Imran radhi, na mimi nilikwenda naye, nikamwambia kwa ishara na kwa kidogo nilichonacho cha Kifaransa kwamba kosa ni la bibi. Imran aliniletea kiti.

Nilichojifunza. Kama unanunua eSIM ya safari, iingizeni kwenye simu ya msafiri mkiwa bado nyumbani na Wi-Fi yenu. Zile siku mnazoogopa kupoteza, ulizeni vizuri, maana kampuni walimwambia Bosco kwamba ya kwetu ingeanza kuhesabiwa ikishika mtandao wa kule. Karatasi yake isilale mahali watu wanapopita na simu. Muwe na namba ya mtu wa karibu, iliyoandikwa nje ya simu ya msafiri.

Na ukijua kitu, sema saa hiyohiyo. Yale masaa matatu niliyonyamaza sukari ya mtoto ilikuwa inashuka. Skola hajanikumbusha hata siku moja. Najikumbusha mwenyewe.

Kuombea vitu vya safari sijaacha. Karatasi ya mraba sasa inakaa ndani ya bahasha.

Naombeni maoni yenu, hasa wenye watoto wa kisukari walio mbali, mnalindaje usiku wao?

Na watu wa jumuiya mnaosoma humu, majina na mahali nimeandika ninavyokumbuka. Kama Papa Crispin alisimama upande wa dirisha na si wa mlango, au karatasi ya nyimbo haikuwa kwa Maman Béatrice bali kwa mwingine, nisahihisheni, sitachukia. Na yule mlinzi, asubuhi ile hakuna aliyemuuliza jina. Nuru alikuja kuniambia ni Mzee Lennox. Kama kuna aliyefika kule na anajua nimekosea, tafadhali aniambie, maana namtaja kila asubuhi kabla sijafungua simu.